Mwanafunzi wa sanaa na vyuo vya Marekani vinavyochuja sana: mwongozo kamili wa kupima nafasi yako na kuandaa maombi

Mwanafunzi anayechora, anayepiga udi, anayeigiza au anayeandika mashairi huwa na swali moja kabla ya mengine yote: je, kipaji hiki kitanifikisha Yale, Brown au Juilliard? Jibu linategemea mambo mawili: nani ataiona kazi yako, na nani atalipa ada. Hayo mawili yana uzito kuliko idadi ya vyeti vya mashindano ulivyonavyo, na inasikitisha kwamba wengi huyajua baada ya kutuma maombi.

Ninaposema sanaa hapa nina maana ya uchoraji, uchongaji, muziki, ngoma, tamthilia, filamu na uandishi wa kubuni. Kama unasoma HKL au HGL (tahasusi za Tanzania za Historia na Kiingereza pamoja na Kiswahili au Jiografia) na huna kazi ya sanaa ya kuonyesha, sehemu za ada, mitihani na insha zinakuhusu pia. Ya potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako, unaweza kuyaruka.

Hatua ya kwanza: tambua aina ya chuo unachoomba

Watu huviweka vyuo vyote vyenye majina makubwa katika fungu moja. Kwa mwanafunzi wa sanaa, mafungu ni matatu, na kila moja lina namna yake ya kuamua.

Fungu la kwanza ni vyuo vya sanaa pekee. Rhode Island School of Design, maarufu kama RISD, uko Providence. Cooper Union na Juilliard viko New York, Curtis Institute of Music uko Philadelphia. Huku kazi yako ndiyo inayotangulia. RISD huomba kazi kati ya 12 na 20 ulizozifanya karibuni. Cooper Union kwa miaka mingi imewatumia waombaji wa sanaa mtihani wa kufanyia nyumbani: maswali ambayo unayajibu kwa kutengeneza kazi, si kwa kuandika maelezo. Curtis hudahili kwa kadiri ya nafasi zilizoachwa wazi ili okestra yake ikamilike, hivyo mpiga fidla hodari anaweza kukosa kwa sababu tu mwaka huo nafasi za fidla ni chache. Alama za darasani zinaangaliwa, lakini hazitaokoa potifolio dhaifu.

Fungu la pili ni vyuo vikuu kama Harvard, Yale, Princeton, Columbia na Brown. Hivi hudahili takriban watu watano, au pungufu, katika kila mia wanaoomba. Hapa mambo ni kinyume: kinachotangulia ni matokeo ya darasani, insha na barua za walimu. Kazi ya sanaa ni nyongeza ya hiari. Ukiituma, kwa kawaida hupelekwa kwa walimu wa idara husika, wao huandika maoni, na maoni hayo hurudi kwa maofisa wa udahili ambao ndio wenye uamuzi. Yale yenyewe huwaambia waombaji kwamba wengi wao hawana haja ya kutuma nyongeza hiyo. Kazi ya kawaida iliyosomwa na profesa inaweza kukupunguzia badala ya kukuongezea, kwa hiyo tuma pale tu ambapo mtu anayeijua fani, asiye ndugu wala rafiki yako, amekuambia iko juu ya kiwango cha wenzako.

Fungu la tatu ndilo wanafunzi wetu wengi hawalijui, na kwangu mimi ndilo lenye nafasi nzuri zaidi. Ni vyuo vidogo vya shahada ya kwanza ambavyo sanaa ni sehemu ya maisha yake ya kila siku: Oberlin, Vassar, Wesleyan, Bard, Skidmore, Bennington, Sarah Lawrence. Vinachuja pia, lakini vinasoma maombi kwa ukaribu, na mwanafunzi mwenye alama nzuri zisizo kamili pamoja na kazi ya sanaa yenye sauti yake huonekana upesi.

Tazama njia walizopita wawili tunaowafahamu. Lupita Nyong'o alisoma shahada ya kwanza Hampshire College, chuo kidogo cha Massachusetts ambacho wanafunzi hupewa tathmini za maandishi badala ya alama. Baadaye ndipo akaingia shule ya maigizo ya Yale, akamaliza mwaka 2012. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alipitia shule ya United World College huko Wales, akachukua shahada ya kwanza Cooper Union mwaka 1996, na shahada ya uzamili katika uchongaji Yale mwaka 2000. Wote wawili wana jina la Yale kwenye wasifu wao, na wote wawili waliingia Yale wakiwa tayari na shahada ya kwanza ya chuo kingine. Shule ya uzamili ya maigizo ya Yale haitozi ada ya masomo tangu 2021, na ya muziki iliacha kutoza hata kabla ya hapo. Kijana wa miaka 18 aliyekataliwa na Yale College, kitengo cha shahada ya kwanza, hajafungiwa Yale.

Kuna pia programu za shahada mbili. Brown na RISD wana ya pamoja ya miaka mitano, ilianza 2008, na ili uingie ni lazima udahiliwe na vyuo vyote viwili halafu upite kamati ya tatu. Oberlin ina yake kwa wanamuziki, na konsavatori (shule ya muziki) ya Bard humtaka kila mwanamuziki wa shahada ya kwanza asome shahada mbili. Omba kama inakufaa, ila usijenge mpango mzima juu yake.

Hatua ya pili: anza na pesa kabla ya ndoto

Mwaka mmoja katika vyuo hivi, ukijumlisha ada, chakula na malazi, unazidi dola 80,000 katika vingi vyake. Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki chuo kisichotoa msaada mkubwa hakipo kabisa, hata kikikudahili. Ndiyo maana swali la pesa linatangulia potifolio.

Vyuo vichache sana huamua udahili wa mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia kama familia yake ina uwezo wa kulipa, kisha hufidia pengo lote. Miongoni mwake ni Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na, kuanzia waliojiunga 2025, Brown. Kuomba msaada huku hakuharibu nafasi yako hata kidogo. Ugumu ni kwamba hivi hivi ndivyo vyenye ushindani mkali kuliko vyote.

Fungu linalofuata huangalia uwezo wako wakati wa kuamua, lakini kila anayedahiliwa hufidiwa mahitaji yake yote. Vassar, Wesleyan, Grinnell na Macalester viko humo. Bajeti yao kwa wageni ina kikomo, hivyo mwanafunzi anayehitaji karibu kila kitu anashindana kwa viti vichache. Hapo ndipo sanaa inaposaidia kwelikweli: kamati yenye nafasi chache za ufadhili humtafuta mtu atakayeleta chuoni kitu ambacho wengine hawana.

Vyuo vingi vya sanaa pekee vina msaada mdogo kwa wageni. Unaweza kudahiliwa na chuo kikubwa cha usanifu, ukapewa punguzo la robo ya ada, ukabaki na deni ambalo ukoo mzima hauwezi kulibeba. Curtis ni ya pekee: tangu 1928 haimtozi mwanafunzi yeyote ada ya masomo. Cooper Union nayo iliwasomesha wote bila ada kwa miongo mingi, Wangechi Mutu akiwamo, lakini utaratibu huo ulisitishwa kwa walioingia kuanzia 2014. Mtu akikushauri kwa habari za zamani, hakiki kwenye tovuti ya chuo.

Pia usikisahau NYU Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2010. Inatoa shahada za filamu, muziki, maigizo na sanaa za kuona, misaada yake kwa wanafunzi wa nchi mbalimbali ni mikubwa, na kwa mtu wa Zanzibar au Mombasa mwenye ndugu Ghuba si ugenini kabisa. Ushindani wake ni sawa na wa vyuo vya juu vya Marekani.

Kuomba msaada kunataka fomu iitwayo CSS Profile, inayouliza kipato cha wazazi kwa undani. Mzazi mkulima, mvuvi au mwenye genge hana hati ya mshahara, na wengi hukwama hapo. Usibuni takwimu. Andika mapato ya msimu kama yalivyo, eleza yanavyopanda na kushuka, ambatisha barua ya serikali ya mtaa au ya afisa mtendaji wa kijiji (Kenya, barua ya chifu), na utafsiri kila hati ya Kiswahili. Kama ada ya fomu inakushinda, andikia ofisi ya misaada ya chuo uombe msamaha au fomu mbadala. Hilo huombwa kila siku na halimpunguzii mtu heshima.

Msomaji uliyeko Marekani, labda familia yenu ilitoka Kongo kupitia kambi za Kigoma kama Nyarugusu: ukiwa na green card huhesabiwi mwanafunzi wa kigeni. Unaingia kwenye fungu la misaada ya wenyeji, na programu kama QuestBridge, ambayo wanafunzi wanaoomba kutoka Dar hawaipati, iko wazi kwako.

Hatua ya tatu: alama na mitihani

Usiamini kauli kwamba msanii hahitaji hesabu. Chuo kikuu kinachochuja husoma matokeo yako yote, pamoja na yale ya Form Four. Mwanafunzi wa HKL hana hesabu Form Five na Six, kwa hiyo F ya Basic Mathematics ndiyo picha ya mwisho ambayo kamati inayo. Dawa yake ni SAT. Mtihani huo una jumla ya alama 1600, nusu yake hesabu, na alama nzuri huko huonyesha kwamba umejirekebisha. Vyuo vingi viliufanya wa hiari baada ya 2020, lakini MIT, Dartmouth, Yale, Brown na Harvard wamerudisha sharti la mtihani kwa namna moja au nyingine. RISD haulazimishi. Soma sharti la kila chuo la mwaka wako.

Kiingereza hupimwa kwa TOEFL, IELTS au Duolingo. Huu wa mwisho ni wa bei nafuu na unafanyika nyumbani, mradi intaneti na umeme visikatike. Baadhi ya vyuo humsamehe aliyesoma sekondari kwa Kiingereza. Uliza kabla ya kulipa.

Hatua ya nne: kuandaa potifolio

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi.

Kwa wachoraji, kosa kubwa ni kutuma kazi ishirini za mtindo uliofundishwa. Aliyekulia karibu na mafundi wa Tingatinga anaweza kupaka tembo na ndege kwa mkono usiotetemeka, lakini mtindo huo ni wa Edward Saidi Tingatinga na waliomfuata tangu 1968, na msomaji wa potifolio anataka kujua jicho lako linaona nini. Weka moja au mbili kuonyesha ulikotoka. Nyingine ziwe za kuchora vitu halisi ukivitazama: mikono ya bibi akichambua mchele, kibanda cha fundi baiskeli, kivuko cha Kigamboni saa za jioni. Kuchora kutoka kwenye picha ya simu kunajulikana mara moja, kwa sababu mwanga unakuwa bapa na kina hakipo. Ongeza kurasa za daftari lako la michoro, zile chafu zenye mistari iliyofutwa, maana zinaonyesha unavyofikiri.

Halafu upigaji wa picha za kazi. Kazi nyingi nzuri huharibikia hapa. Rangi za kung'aa zinazopakwa kwenye hadibodi huakisi mwanga na kuacha doa jeupe katikati ya picha. Piga asubuhi au siku ya mawingu, nje kwenye kivuli, bila flashi, kazi ikiwa imesimama wima na kamera ikiwa sambamba nayo. Toa fremu na kioo. Kata ukuta wote unaoonekana pembeni. Sanamu ya mpingo ipige pande tatu juu ya kitambaa cha rangi moja. Anza na kazi yako bora na umalizie na ya pili kwa ubora. Zenye mashaka ziache nyumbani, maana kazi 12 imara zinapita 20 zenye kuyumba.

Wanamuziki watume video ya mkupuo mmoja isiyokatwa, mikono na uso vikionekana, bila muziki wa kuchezwa nyuma. Konsavatori hutaja nyimbo au aina za nyimbo zinazotakiwa, huchuja kwanza kwa video, kisha huita kwenye usaili wa ana kwa ana au wa mtandaoni. Kama umefunzwa kupiga kanuni, udi au fidla ya taarab pale Dhow Countries Music Academy, Mji Mkongwe, usijifiche ndani ya kipande cha Mozart ulichojifunza haraka haraka. Kwa chuo cha fungu la pili au la tatu, taarab iliyopigwa vizuri ina nguvu zaidi. Ila msaidie msikilizaji: sentensi mbili au tatu za kueleza chombo ni kipi, nafasi yako kwenye kikundi ni ipi, na ulijifunza kwa nani. Vivyo hivyo kwa ngoma. Mtu wa Ohio hajui kwamba muheme ya Wagogo hupigwa na wanawake. Ukimwambia, anaiangalia video kwa macho mengine. Katika ngoma ya kikundi, taja wewe ni yupi na umevaa nini.

Waigizaji wajirekodi kipande kifupi wakiwa peke yao, mbele ya ukuta mtupu, sauti ikisikika. Video ya tamasha la shule iliyopigwa kutoka viti vya nyuma haisaidii hata kama mlishinda ngazi ya taifa. Ushindi huo uandike kwenye orodha ya shughuli.

Washairi na waandishi wana swali la lugha. Princeton, kwa mfano, hupokea uandishi wa kubuni kama nyongeza ya sanaa. Kama unatunga kwa Kiswahili, tuma tafsiri uliyoifanya mwenyewe pamoja na shairi la asili pale masharti yanaporuhusu, na ueleze kwa kifupi vina na mizani. Usilazimishe vina kwenye tafsiri ya Kiingereza hadi maana ipotee. Msomaji anataka picha na sauti yako.

Kazi nyingi hupakiwa kupitia SlideRoom. Pakia siku kadhaa kabla ya mwisho, usiku wa manane au alfajiri mtandao unapokuwa mwepesi, kisha fungua kila faili uhakikishe inacheza.

Hatua ya tano: barua, shughuli na insha

Barua ya mwalimu inayosema "ni mwanafunzi mwenye nidhamu na heshima" haimsaidii mtu. Walimu wetu huandika hivyo kwa sababu hakuna aliyewaambia kinachotakiwa. Mwendee mwalimu mapema, kwa adabu, na umpe karatasi moja yenye matukio: lini ulibishana kwa hoja darasani, mradi gani uliuanzisha, ulirekebishaje kazi baada ya kukosolewa. Yeye ndiye ataandika; wewe unamkumbusha tu. Mbali na walimu wa darasani, mwalimu wako wa sanaa, awe wa shule, wa Nafasi Art Space au wa kikundi cha mtaani, anaweza kuandika barua ya nyongeza pale chuo kinapokubali. Fomu ya shule mara nyingi hujazwa na mwalimu wa taaluma au mkuu wa shule, na kama hajawahi kuitumia Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, kaa naye siku ya kwanza.

Common App ina nafasi kumi za shughuli, kila moja herufi 150 tu za maelezo. Kazi za nyumbani na za kipato ni shughuli kamili. Kuuza kwenye duka la mama kila jioni, kuchora mabango ya saluni kwa malipo, kufundisha kwaya ya kanisani au kasida madrasa, vyote viandike kwa saa na wiki.

Insha haizidi maneno 650. Usiitumie kurudia sifa za potifolio. Kazi yako wataiona. Insha ionyeshe unavyotazama watu na mambo. Na usiandike umaskini kwa kudhani ndicho wanachotaka kusoma. Kama dhiki ni sehemu ya hadithi, itaje kwa kipimo chake, kisha endelea na jambo ulilolifanya.

Hatua ya sita: kalenda

Mtanzania wa Form Six aanze Agosti, Common App inapofunguliwa, huku mitihani ya taifa ikiwa Mei inayofuata. Aliye Form Five akusanye kazi na afanye SAT ya kwanza mwishoni mwa mwaka huo. Mkenya anayefanya KCSE Novemba ana wakati mgumu, kwa sababu maombi ya mapema huisha mwanzoni mwa mwezi huo huo, konsavatori nyingi hufunga Desemba mosi, na maombi ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari. Ni bora kwake kuomba mwaka unaofuata akiwa na matokeo mkononi, na mwaka huo autumie kutengeneza kazi. KenSAP, iliyoanzishwa 2004, huwaandaa wanafunzi wa Kenya kwa utaratibu wa namna hii. Yale Young African Scholars nayo haina malipo kwa wanafunzi wa sekondari barani, na ofisi za EducationUSA za Dar es Salaam na Nairobi hutoa ushauri bure. Dalali anayekuhakikishia nafasi kwa malipo anakudanganya, kwa kuwa hakuna mtu wa nje anayeweza kuiahidi.

Hatua ya saba: orodha yako na uamuzi

Vyuo kumi hivi vinatosha. Vigawe kwa pesa kwanza: viwili au vitatu visivyoangalia uwezo, vinne au vitano vinavyofidia mahitaji yote vyenye sanaa hai, kimoja au viwili vya sanaa pekee kama potifolio inaruhusu, na kimoja nyumbani au jirani utakachokubali kukisoma kwa moyo. Ada ya kuomba katika vyuo vikubwa ni kati ya dola 70 na 90 hivi, kwa hiyo omba msamaha kupitia Common App au kwa barua pepe. Ombi la mapema linalofunga, ambalo ukikubaliwa ni lazima uende, ongeza tu kama chuo hicho kinafidia mahitaji yote.

Kabla ya kulipia chochote, soma tovuti ya ubalozi wa Marekani kuhusu viza. Tangu Juni 2025 nchi hiyo imeweka vizuizi, vikiwamo vya viza za wanafunzi, kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwa mojawapo, na orodha imekuwa ikibadilika. Hii ni sababu nyingine ya kuwa na chuo kimoja au viwili nje ya Marekani kwenye orodha.

Majibu ya kawaida hutoka mwishoni mwa Machi, na tarehe ya mwisho ya kukubali nafasi kwa vyuo vingi ni Mei mosi. Barua ikija, usiangalie ukubwa wa ufadhili. Chukua gharama yote ya mwaka, toa msaada usiorudishwa, na unachobaki nacho ndicho familia italipa, mara nne, au mara tano kwa programu za shahada mbili. Ongeza tiketi ya ndege, bima ya afya, na vifaa vya sanaa, ambavyo hugharimu sana na havimo kwenye ada. Kama kiasi kinawazidi kidogo tu, andikia ofisi ya misaada ndani ya wiki hiyo ukiwa na hati za kuthibitisha. Vyuo hupokea maombi ya kuangaliwa upya, hasa pale ambapo kipato cha mzazi kimebadilika tangu ujaze fomu.

Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, jibu kwamba bado unataka, tuma kazi moja mpya kama wanaruhusu, na wakati huo huo thibitisha nafasi ya chuo kingine kilichokukubali.